Ruba wa Ofisi ya Usafi

Siku ya saba ruba wangu alikuwa amenenepa hata mkono haushuki. Nilipanda ngazi za Ofisi ya Usafi wa Damu nikiwa nimeuinua mkono wa kushoto kidogo, kama mtu aliyebana yai kwapani, na kila niliyepishana naye alijua ninakwenda chumba gani. Wengine walisogea ukutani kunipisha. Siwalaumu, ningekuwa wao ningesogea zaidi.

Jina lake rasmi ni Mwonjaji. Ndilo lililoandikwa kwenye fomu, kwa herufi kubwa, utadhani ni cheo. Sisi tuliobandikwa tunamwita ruba, maana ni ruba yule yule wa madimbwini, ila amekuzwa kwenye matangi ya maabara, akaongezewa hiki na kile, hadi akawa na urefu wa kidole cha kati na hamu kubwa ya kujua maisha yako. Anabandikwa kwapani, ananyonya kidogo kidogo kwa siku saba, na kila kilevi ulichotumia kwa mwaka mzima uliopita kinajichora mgongoni mwake. Pombe inachora mstari wa njano, bangi wa kijani, mofini wa zambarau. Muuguzi hapati leseni mpaka mgongo huo usomwe. Waheshimiwa waliopitisha sheria hiyo hawabandikwi.

Tena ananuka. Hilo kwenye fomu halimo. Kuanzia siku ya tatu anatoa ute wenye harufu ya maziwa yaliyochacha, unateremka ubavuni wakati unaongea na watu, na huruhusiwi kuupangusa kwa sabuni kwa sababu sabuni inamdhuru. Yeye ndiye anayelindwa! Nilioga kwa mkono mmoja, nikalala upande mmoja, na chakula kilinishinda kuanzia Jumatano. Mama alinitengea chumba cha nyuma na kikombe changu peke yangu, akasema ni kwa ajili yangu nipumzike. Nilimshukuru, ingawa nilimwona akikishika kikombe kile kwa ncha za vidole.

Mtathmini wangu aliitwa Bwana Ngailo. Alikuwa mtu mzima wa umri wa baba yangu, mpole, ana kitambi na kalamu tatu mfukoni, na mezani kwake kulikuwa na sahani ya sambusa. Sambusa! Katika chumba ambacho kazi yake ni kufunua makwapa ya watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kokusima Rwegoshora?"

"Ndiye mimi."

"Haya, kaa hapo. Inua mkono. Pole, najua anawasha."

Hakunawa. Alijipangusa vidole kwenye suruali, akabandua bandeji, akavuta taa ya mkono wa chuma mpaka joto lake likanigusa shingoni. Nilitazama dari. Nilimsikia akipumua kwa pua, pumzi yenye vitunguu.

"Mh," akasema mwisho. "Binti, wewe unatumia."

"Situmii, mzee."

"Tazama mwenyewe." Akanipa kioo.

Sikuwa nimemtazama tangu siku ya kwanza, nilipoapa kutomtazama. Alikuwa mweusi, ameng'aa, amejaa damu yangu mpaka ngozi yake imekuwa nyembamba, na mgongo wake wote kuanzia kichwani hadi mkiani ulikuwa na mistari ya zambarau. Myembamba, mingi, imebanana. Katikati ulikuwepo mmoja mnene. Mate yalinijaa mdomoni, nikameza, nikameza tena. Bwana Ngailo alinisogezea ndoo kwa mguu bila kuondoa macho kwenye ruba.

"Mofini," akasema. "Kila siku, na siku nyingine mara tatu. Kidogo kidogo, lakini kila siku. Ulifanya mazoezi yako wapi?"

"Wodi ya faraja."

"Alaa." Akaichukua sambusa, akaing'ata. "Basi kabati la dawa lilikuwa karibu."

*

Niseme hapa nilichokuwa najua mimi, na ambacho yeye hakukijua.

Wodi ya faraja ni ya wagonjwa ambao dawa ya kuwaponya haipo. Miaka hii magonjwa mengi yanatibika kwa sindano moja, kwa hiyo wanaobaki pale ni wale ambao sindano hiyo imewakataa, na wengi wao ni wazee wa kwetu Kagera. Tunawapa mofini ya maji, kijiko kimoja kila baada ya saa nne. Dripu za mofini ziliondolewa kwenye wodi za umma zamani, watu walikuwa wanaziiba. Ikabaki chupa, kijiko na muuguzi.

Siku yangu ya kwanza pale nilimpelekea kijiko Ta Kabyemera, na Ta kwetu ni kama kusema Baba. Alikuwa mzee mrefu aliyebaki mifupa, saratani imemla uti wa mgongo, na maumivu yake yalikuwa yanasikika mpaka getini. Nilimwekea kijiko mdomoni akafumba mdomo. Nikambembeleza. Akageuza uso ukutani huku jasho linamtoka.

"Toa sumu kwanza," akasema.

Sikuwa mgeni wa neno hilo. Kwetu anayekukaribisha kinywaji, uwe mtoto wa nyumbani au mgeni wa mbali, anakunywa funda la kwanza mbele yako, ndipo anakupa. Hiyo ndiyo kutoa sumu. Bibi yangu alikuwa hapokei hata maji kwa mtu aliyesahau. Lakini ile ilikuwa mofini, si lubisi, pombe yetu ya ndizi, nami nilikuwa nimefundishwa chuoni na mashine yenye sauti ya kike kwamba dawa ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nikasimama na kijiko changu kama mjinga. Ta Kabyemera alilia kwa maumivu, na mdomo hakuufungua.

Sista Adelina, mkuu wa wodi, alikuja kutoka kitanda cha tatu, akanipokonya kijiko, akakigusisha ulimi, akameza ili mzee aone koo lake likishuka, kisha akamnywesha. Alikunywa chote.

"Hapa wote tunaonja," akaniambia tukiwa kwenye sinki. "Usipoonja hawanywi, wasipokunywa wanakufa wakipiga kelele. Chagua."

Nikachagua. Miezi kumi na moja nilionja vijiko vya wazee wa watu, tone kwa tone, uchungu usiotoka ulimini hata kwa chai. Tone moja halilewishi mtu. Ila ruba hapimi ulevi, anachojua yeye ni kuonja tu, kama mimi.

Hiyo ndiyo mistari myembamba. Mstari mnene ni habari nyingine, na kama ningeweza ningeuruka.

Ilikuwa alasiri ya Alhamisi. Nilipima kijiko cha Ta Kabyemera, nikaonja, nikamwinamia, nikakuta ameshakata roho, macho yamebaki wazi yakinitazama. Nilimfumba macho. Kijiko kilikuwa bado mkononi, kimejaa. Kanuni inasema dawa iliyobaki imwagwe mbele ya shahidi. Shahidi hakuwepo, mgongo ulikuwa unaniuma, nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, nikakitia kile kijiko mdomoni mwangu. Sikufikiri. Baada ya nusu saa mgongo uliacha kuuma, na huzuni ikaacha kuuma, nikaketi pembeni ya maiti ya mzee wa watu nikiwa nimestarehe. Najichukia nikiandika neno hilo, lakini ndilo neno lenyewe, nilistarehe. Sikurudia tena. Nilisugua ulimi kwa mswaki mpaka ukatoka damu, na sikumwambia mtu.

*

"Mzee, naweza kueleza," nikasema.

"Ngoja." Bwana Ngailo aliinua kidole chenye mafuta. "Kabla hujaeleza nikupe sheria, maana ukishaeleza nitakuwa nimeandika, na nikishaandika sifuti. Unanielewa, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Una njia mbili. Ya kwanza ni kukiri. Unasema wewe ni mraibu, unapata leseni ya daraja la pili leo hii, unarudi kazini Jumatatu. Kila miezi mitatu unakuja hapa kubandikwa, basi."

"Mraibu anapewa leseni?"

"Mraibu aliyekiri, ndiyo. Tunamjua, tunamfuatilia, hana shida. Mwenye shida ni yule anayesema yeye ni safi na ruba anasema si safi. Huyo hatujui tumweke wapi." Aliongea kwa upole wa kweli, na upole huo ulinichefua kuliko sambusa. "Njia ya pili ni kubisha. Unaleta maelezo yako, sawa, ni haki yako. Lakini kama maelezo yanahusu kazini, jalada linafunguliwa la wodi nzima. Kila aliyeshika chupa anabandikwa. Atakayekutwa na mstari hata mmoja wa zambarau bila kukiri kabla, leseni yake imekufa, na hapewi nyingine."

"Hata kama alikuwa anaonja tu kwa ajili ya mgonjwa?"

Hapo kalamu yake ilisimama hewani. Alinitazama, nami nilimtazama, na nikaona amekwisha kuelewa kila kitu. Alikuwa na jina la Njombe, lakini hata Njombe watu wanakaribishana vinywaji.

"Sijasikia ulichosema," akasema taratibu. "Nakwenda kuchemsha chai. Dakika kumi. Simu unaruhusiwa."

Alitoka na sahani yake. Nikampigia Sista Adelina. Alipokea akiwa wodini, na nyuma yake nilimsikia mtu akiguna kwa maumivu.

"Koku, vipi? Amekusoma?"

"Amenisoma, Sista. Nimejaa zambarau. Wanataka niseme mimi ni mraibu, la sivyo wanakuja kuwabandika wote."

Akafunika simu, akamwambia mtu "nakuja, Taata, nakuja sasa hivi," kisha akarudi.

"Mwanangu, mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Usinihesabu mimi. Lakini tuko wanne tu hapa, wagonjwa kumi na saba. Wakitubandika, nani atawanywesha?"

"Kwa hiyo niseme uongo."

"Sikwambii useme uongo."

"Unaniambia nini, Sista?"

"Nakwambia wako kumi na saba." Sauti yake ilikatika kidogo. "Na ukisema ukweli wako, sitakuchukia. Lakini usiniulize mimi, kwa sababu mimi nitakujibu kama mkuu wa wodi."

Nilitaka kumwambia kuhusu kile kijiko cha Alhamisi. Nikajua nikimwambia ataona nafuu, atasema basi si uongo mtupu, na sikutaka kumpa nafuu hiyo. Nilimwambia asante, nikakata simu. Ruba aligeuza kichwa chake ndani ya nyama yangu, nikasikia meno yakitafuta mahali papya.

*

Bwana Ngailo alirudi na vikombe viwili. Changu sikukigusa.

"Nakiri," nikasema.

"Vizuri." Alifurahi waziwazi, kama mwalimu aliyepata jibu. "Sasa, kusema kwa mdomo hakutoshi. Watu walikuwa wanakuja wanasema haraka haraka wapate karatasi waondoke. Kwa hiyo ruba ndiye anayepokea ungamo."

"Anapokeaje? Ana masikio?"

"Hana. Lakini mtu akisema uongo moyo unadunda, damu inabadilika ladha, na ruba akiionja damu hiyo anakaza meno. Anaogopa ataanguka. Damu ikitulia, analegea na kuachia mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa kasoro, maabara walitaka kuirekebisha. Wakubwa wakasema hapana, hii ni nzuri, iacheni." Akaweka bakuli la bati chini ya kwapa langu. "Utasema, 'Mimi, jina lako, ni mraibu wa mofini.' Ukiwa umekubali kweli, ataanguka humu."

"Na mtu akiwa anaogopa tu?"

"Anazoea."

"Na nikimng'oa?"

"Meno yatabaki ndani, patatunga usaha, na umejiondoa mwenyewe kwenye orodha. Usimng'oe, tafadhali. Wiki iliyopita mmoja alimng'oa hapo hapo ulipokaa."

Nilitazama kiti. Kilikuwa kimefutwa, lakini si sana.

"Mimi, Kokusima Rwegoshora, ni mraibu wa mofini."

Ruba alikaza. Maumivu yalinipanda mpaka sikioni, na ute wa moto ukanichuruzika hadi kiunoni. Bwana Ngailo alitazama bakuli, akatikisa kichwa, akafungua gazeti kwenye kurasa za chemshabongo.

"Tena," akasema.

Nikasema tena. Nikasema mara tano, mara kumi. Nilijaribu kuvuta pumzi kama tulivyofundishwa kuwafundisha wajawazito. Nikajaribu kufikiria vitu vya kutuliza, migomba ya nyumbani ikinyeshewa, mama akichambua kahawa barazani. Kila nilipofika kwenye lile neno moyo ulikataa, naye akakaza. Nikajaribu kulisema haraka. Nikajaribu kulisema kama jina la mtu mwingine. Nilimtukana ruba kwa Kihaya, matusi ambayo bibi angenipiga kofi, na Bwana Ngailo akainua macho na kuuliza kama nahitaji maji.

"Nahitaji utoke," nikasema.

"Siruhusiwi, mwanangu. Lazima niwepo akianguka."

Saa ikapita. Alikula sambusa ya mwisho. Mkono ulikufa ganzi, blauzi ililoa upande mmoja, na harufu ilikuwa imejaa chumba hata yeye akafungua dirisha. Nilikuwa nimefika mara arobaini na kitu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hasira ilikuwa imeniishia, na hasira ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimekuja nacho ambacho kilikuwa changu.

Ndipo nikaikumbuka Alhamisi. Sikuikumbuka kwa kupenda. Nilikuwa natafuta tu mahali pa kuliegemeza lile neno lisiteleze, na mahali pekee palikuwa pale, pembeni ya maiti, na kijiko kitupu mkononi. Nikaukumbuka mgongo ulivyoacha kuuma. Nikajiambia, pengine wale wa Ofisi wanajua kitu. Pengine mtu aliyestarehe namna ile mara moja alikuwa hivyo tangu zamani, na vile vijiko vyote vya tone moja moja vilikuwa visingizio. Pengine nilikuwa nangoja zamu ya saa kumi. Je, sikuwa naingoja? Wazo lilikuwa chafu, nikaliona uchafu wake, na bado nikalisogelea kwa sababu lilikuwa na joto, na kwa sababu kila nilipolisogelea meno yalilegea.

"Mimi, Kokusima Rwegoshora," nikasema, "ni mraibu wa mofini."

Moyo haukudunda. Nilisubiri udunde. Kwapani palipoa ghafla, na ndani ya bakuli la bati kikalia kitu kizito, kilicholowa.

Bwana Ngailo aliinuka mara moja. Alimshika ruba kwa koleo, akamweka kwenye chupa, akaandika saa, akanipa pamba ya kidonda. Ruba alijikunja polepole kwenye kioo, ameshiba. Damu yote ile ilikuwa yangu, na niliitazama ikisogea ndani yake.

"Umeona?" akasema. "Wote mnafika. Ni kukubali tu."

Nilitaka kumwambia kwamba nilipopanda ngazi asubuhi sikuwa mraibu. Nilifungua mdomo nikakuta sina uhakika. Nililitafuta lile jibu langu la asubuhi, lile "situmii, mzee" nililolisema bila kufikiri, nikakumbuka maneno yake tu. Nilitapika kwenye ndoo yake, maji matupu, na yeye akanishika bega mpaka nikamaliza, kwa mkono ule ule wa sambusa.

Kisha akaigonga leseni muhuri. Ilikuwa ya kijani, ina picha yangu, ina daraja la pili, na chini tarehe ya kurudi kubandikwa. Jumatatu ningekuwa wodini. Wazee kumi na saba wangepata vijiko vyao, na mimi ningeshika chupa, na sasa nilikuwa naiogopa ile chupa, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nizaliwe.

"Hongera, Sista," akasema Bwana Ngailo.

Niliipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, nikamwambia asante sana, mzee. Ningefurahi kama ningekuwa namdanganya. Sikuwa namdanganya, nilimshukuru kwa moyo wote, na hata kama ruba angekuwa bado kwapani asingekaza jino.